Kibuyu Ulichoosha Mara Moja

Mpendwa binti yangu Chebet,

Tangu uolewe Timboroa, nyumba hii ya Chepkoilel imepoa. Leo asubuhi nilikuwa nakisugua kile kibuyu chako kikubwa cha mursik, maziwa yetu ya mgando, nikacheka peke yangu, kisha nikaona haya.

Naona haya kwa sababu nilikusifu. Ulikuwa na miaka kumi na minne, unaosha kibuyu kimoja mara saba, na ndege akilia kabla hujamaliza, unaanza upya. Mimi nikawa nawatambia majirani: "Huyo ni Chebet wangu! Maziwa yake hayawezi kukuumiza tumbo." Kwetu msichana anayesugua vibuyu namna hiyo hapelekwi hospitali, anachumbiwa. Vidole vyako vikapasuka, nikakupaka mafuta, nikaendelea kuringa.

Mpaka siku uliponiambia, "Mama, najua ni safi. Ni kichwa imekataa. Inaniambia nitaua mtu na haya maziwa."

Daktari wa pale mjini Eldoret alisema huo si usafi wala si pepo, ni ugonjwa, na unatibika. Akakupa dawa za kila siku. Mshauri naye akakupa kazi chungu kuliko dawa: osha mara moja, weka chini, kaa na hofu mpaka ipungue yenyewe. Hata mimi nilipewa yangu. Ukiniuliza, "Mama, ni safi?" nisijibu, maana kila "ndiyo" yangu ilikuwa inailisha ile hofu. Wiki za kwanza ulilia, ukasema sikupendi. Nilitoka nje nikalia pia, huko kwa ng'ombe.

Miaka ikapita, ukawa mtu mzima. Siku wazee walipokuja kukuposa, ulikiosha mara moja, nikikuona. Ukawamiminia wazee. Ukanitazama, lile swali limejaa machoni. Nikageukia sufuria ya chai.

Mzee wao akanywa, akaongezewa, akauliza, "Mama, hii mursik imetengenezwa na nani? Iko sawa kabisa!"

Hilo nililijibu, tena kwa sauti ya kufika barabarani: "Ni Chebet wangu!"

Najua siku mbaya bado zinakujia. Lakini jana ulipiga simu, ukauliza habari za ng'ombe na za goti langu, ukaniaga. Lile swali hukuliuliza. Nilibaki na simu mkononi, nimejaa fahari kuliko siku zote nilizowatambia majirani.

Wasalimie wote huko.

Ni mimi mama yako, niliyenyamaza kwa kukupenda.