Uchafu Nao ni Mchungu

Mpendwa kaka Elisante,

Bahasha ya barua hii sikuigundisha. Mkaguzi wa barua za askari asisumbuke na kisu, na Bwana msimamizi akitaka kuisoma kabla haijafika posta, aisome. Nimekusudia kuandika.

Unakumbuka wiki yangu ya kwanza hapa kiwandani Ngaramtoni? Wewe ulikuwa kwenye mapipa ya kwinini, mimi nimeletwa kuandika daftari. Ulinivuta mkono ukasema karani asiyejua anachokiandika ni kasuku. Ukanionyesha magome ya mti wa kwinini yaliyochemshwa kwenye maji ya tindikali, maji yamekuwa mekundu. Ukatia magadi, ukaongeza mafuta ya taa, ukaitikisa chupa ile kubwa, ukangoja mafuta yapande juu. Dawa ilikuwa imehamia kwenye mafuta, uchafu umebaki majini. Ukayafungulia maji yale yamwagike. Ukatia maji mapya ya tindikali, ukatikisa tena, na sasa dawa ikarudi majini, ikauacha utomvu kwenye mafuta.

“Inahama nyumba,” ulisema, “na kila ikihama inaacha takataka nyuma. Ioshe hivyo mara tatu, mdogo wangu. Mara moja ni kujidanganya.”

Kisha ukanilambisha unga mweupe uliokamilika, nikakunja uso. Ukanilambisha na ule utomvu mweusi wa kutupwa. Mchungu vilevile! Mzee Lazaro, mtikisaji mwenzako, alicheka hadi akashikilia pipa. “Msomi leo hali ugali!” Nilikukasirikia siku nzima. Sikujua kwamba lilikuwa somo.

Ukaenda vitani. Katika barua yako ya mwisho mkaguzi alikata mistari miwili kwa mkasi, lakini huu akauacha: “Kwinini ya safari hii ina rangi ya tope, inatutapisha. Wenzangu wanaitupa, halafu homa ya malaria inawalaza.” Niliusoma mara nyingi. Nilijua imetoka wapi, kwa sababu mafuta ya taa yameadimika, na tangu mvua zianze tunaosha mara moja tu.

Jumatatu Bwana msimamizi aliniletea karatasi za kubandika kwenye madebe.

“Andika imeoshwa mara tatu.”

“Bwana, imeoshwa mara moja.”

Akachovya kidole kwenye unga, kisha akanisukumia debe. “Onja. Si chungu?”

“Ni chungu, Bwana.”

“Basi ni dawa. Andika.”

Alipotoka, Mzee Lazaro alininong’oneza, “Andika tu, mwanangu. Dawa chungu ndiyo dawa, nani atakuuliza? Tazama, unatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa.”

“Shikamoo, mzee,” nikamjibu, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. Akacheka, akaenda zake.

Kaka, unanijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikijificha nyuma yako mwalimu akiita majina. Lakini nilichukua kalamu nikaandika kwenye kila karatasi: Imeoshwa mara moja. Chini yake nikatia sahihi, jina langu na la baba, herufi zote. Bwana hakuzisoma. Hakuwahi kuona karani akikataa. Lori likaondoka kwenda bohari ya dawa mjini Arusha, na leo asubuhi limerudi na madebe yote kumi na moja. Bohari imeyakataa.

Sasa naisikia sauti yake uani, anaita jina langu. Naogopa, sikufichi. Baba atasema nimetupa kazi ya kalamu, nirudi mlimani nipalilie kahawa na migomba. Nitapalilia. Jembe sikulisahau. Lakini wewe uko huko, na wenzako wako huko, na mtu anayemeza anachopewa hana njia ya kujua kimeoshwa mara ngapi isipokuwa mimi nimwambie.

Najua atakachotaka. Karatasi mpya ziko mezani, anataka nizibandike juu ya zile za kwanza. Sizibandiki. Aniite mara kumi, anipigie kelele mbele ya watu wote. Mafuta ya taa yatafutwe, madebe yafunguliwe, dawa ioshwe upya. Na akipenda uongo uandikwe, auandike kwa mkono wake, na chini yake aweke jina lake.

Ubaki hai, kaka. Naenda kumwitikia.

Mimi mdogo wako