Kuhusu Ile Throto ya Kipkosgei

Kwa Kogo Tecla, nyuma ya kituo cha majani,
Boito, Konoin,
Bomet.

Jumanne, 16 Julai 2024

Mpendwa kaka yangu Gichuki,

Pokea salamu zetu nyingi, na zikukute ukiwa mzima na umeshiba. Joto la huko Doha limepungua ama bado mnafanya kazi na kitambaa cha maji kichwani? Na kifua je? Ulipopiga simu nilikusikia ukikohoa, ukasema ni ile mashine ya baridi ya chumbani, lakini mimi nilibaki na wasiwasi. Kunywa maji moto hata kama wenzako wa chumba watakucheka.

Sisi huku tuko salama, Mungu ni mwema. Ni baridi tu inatusumbua. Ukungu unakaa hapa mpaka saa nne, majani ya chai hayakui, na nguo za Lynn nazikaushia juu ya jiko, zikitoka hapo zinanuka moshi. Yeye mwenyewe ameota meno ya juu na ameanza kusimama akishika ukuta. Nikimwonyesha picha yako anaibusu kwanza, halafu anataka kuila.

Mama kule Kiptere anaendelea vizuri, goti limepoa. Jumapili alienda kanisani kwa miguu na akarudi kwa miguu, na akahakikisha kila mtu wa Kiptere amejua.

Barua hii nampa Wangeci, binti ya tata, yule shangazi yetu, kwa sababu likizo yake imeisha na anarudi huko kazini. Nimemfungia pia majani ya chai, yale mazuri. Ukipika usiweke mengi kama mtu ambaye hakuzaliwa Kericho.

Sasa kaka, nije kwa ile throto. Ulisema umepata moja kwenye gari kubwa iliyovunjwa karibu na gereji yenu, na kwamba rafiki yako Ongeri akija nyumbani mwisho wa mwezi ataibeba kwa begi lake. Ukaniambia, "Kipkosgei anaitaka, lakini wewe ndiye unamngoja jioni. Sema itumwe ama isitumwe." Tangu siku hiyo sijatulia. Nachuna majani nikiwaza throto. Naosha mitungi ya maziwa nikiwaza throto, mimi ambaye hata baiskeli sijui kuendesha. Simu tunatumia moja na yeye, na kila nikitaka kukurekodia sauti maneno yananipotea, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Wacha nianzie mwanzo, maana kwa simu huyu mume wangu alikupa nusu. Unajua kazi yake ya kila asubuhi ni kuzunguka na ile Probox akikusanya maziwa ya akina mama wa hapa, anayapeleka kwa kituo cha kupozea. Kuanzia mwezi wa tano gari ikawa nzito. Ikifika kwa kile kilima cha mtoni na mitungi imejaa, inalia tu bila kwenda, na watoto wa shule wanaipita kwa miguu wakimwuliza kama anataka kusukumwa. Maziwa yakawa yanafika kama yamechelewa, mengine yanakataliwa. Vijana wa stendi wakamwambia hiyo injini haina pumzi na dawa yake ni throto kubwa. Wakamwonyesha video. Kutoka hapo throto ikawa kama mtu wa nyumba hii. Tunakula nayo, tunaomba nayo.

Nilimwuliza throto ni nini, akanieleza vizuri, yeye ana subira akitaka. Alisema ni mlango. Ukikanyaga mafuta mlango unafunguka, hewa inaingia kwa injini, gari inapata nguvu. Mlango ukiwa mkubwa, hewa ni nyingi. Hapo nilielewa. Ila nilijiuliza, kama shida ni mlango kuwa mdogo, mbona mwaka jana gari ilikuwa inapanda na mlango ni huo huo? Ningesema nini mbele ya wanaume na boneti iko wazi.

Basi akaipeleka kwa Nyakundi, fundi wetu hapa sokoni, ampimie kama throto ya Doha itaingia. Nyakundi kabla ya kupima akafungua pale filta ya hewa inakaa. Kaka, alitoa nini huko ndani? Kitambaa cha Kogo Tecla cha kuchujia maziwa.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa pili, wakati wa ile vumbi nyekundu, Kogo, mama mkwe wangu, alimwona Kipkosgei akigongesha filta kwa ukuta ili itoe uchafu. Akamwambia, "Maziwa ya mtu tunachuja kabla ya kunywa, na gari inakunywa vumbi hivyo?" Akaingia jikoni akamletea kile kitambaa chake cheupe, na Kipkosgei akakifunga juu ya filta vile tunafunga kwenye mdomo wa mtungi, na fundo kabisa. Nani angekataa? Hapa kwetu kila kitu kinachujwa. Vumbi ikajaa kwenye kitambaa, halafu ukungu wa mwezi wa tano na wa sita ukailowesha, ikashikana kama udongo wa kukandika nyumba.

Nyakundi alikishika kwa vidole viwili akamwuliza, "Kipkosgei, hii gari ulitaka ipumue ama igandishe maziwa ya mursik?" Soko yote ilicheka. Kipkosgei alipofika nyumbani akamwambia mama yake, "Yeiyo, injini si ng'ombe." Naye Kogo hata hakuinuka alipokuwa ameketi. Alisema, "Mimi nilikupa cha vumbi. Nani alikuambia ukiache mpaka mvua? Lete kitambaa changu."

Kitambaa kikatoka, filta mpya ikawekwa, na asubuhi iliyofuata gari ilipanda kilima ikiwa imejaa. Mimi nikashukuru Mungu nikajua maneno ya throto yameisha.

Kumbe. Jioni namsikia tena kwa simu akikuuliza Ongeri anasafiri lini. Nikangoja mpaka Kimutai alipokuja hapa. Huyo ni rafiki yake walisoma pamoja, siku hizi anabeba samaki wa barafu kutoka ziwani mpaka Nairobi, wanatoka jua likizama. Anayefika sokoni wa kwanza ndiye anauza, anayechelewa anarudi na harufu. Mwenye samaki anatafuta gari nyingine, lakini anataka za mbio. Hapo ndipo nikaelewa throto ni ya nini. Sisemi Kipkosgei alinidanganya. Nafikiri hata yeye alikuwa anaamini ni ya kilima, mpaka kilima kikapandika.

Alhamisi nilimwomba anichukue kwenye mzunguko wa maziwa, Lynn akiwa mgongoni. Alifurahi sana. Tulipomaliza kile kilima akanitazama.

"Mama Lynn, umeona vile inapanda?"

"Nimeona. Basi throto ya nini?"

"Ya barabara kubwa. Ama unataka nizeeke nikiitwa mtu wa maziwa?"

"Mtu wa maziwa ana ubaya gani?"

"Hana ubaya. Ni vile hakuna mtu anamngoja kwa hamu."

Tukapinda kona, na hapo kando ya barabara alikuwa Janeffer, jirani yetu mjane, amefunikwa leso mpaka masikioni, mtungi uko miguuni, anachungulia kama gari inakuja. Nikamwuliza Kipkosgei, "Na huyu amesimama kwa baridi hivi akingoja nani, askofu?" Alicheka mpaka akasahau kubadilisha gia.

Kaka, sitaki ufikiri mimi ni mtu wa kuzuia. Hata mimi nataka maisha yasonge. Nataka Lynn asome kupita mahali nilipoachia. Uso wa Kipkosgei akikanyaga mafuta naujua, ni ule alikuwa nao wakati ananichumbia, na kuuzima kunaniuma. Usiku nimegeuka na kugeuka, leo nasema itumwe, kesho nasema isitumwe.

Lililonisaidia ni neno lako mwenyewe. Ulisema hiyo throto peke yake, kwa injini ndogo kama ile, haitaongeza nguvu ya maana, ni mguu tu ukikanyaga mafuta utahisi gari imekuwa nyepesi. Hapo ndipo niliogopa kabisa. Gari yenye nguvu ya kweli mtu anaweza kuizoea. Lakini gari inayomdanganya mtu kupitia mguu wake, kwa mteremko wa Londiani, njia ya Nairobi, gizani, na barafu ya samaki inayeyuka nyuma, na Kimutai yuko mbele anamwashia taa? Hapana. Na wale akina mama wa ng'ambo ya mto wameshamwuliza kama anaweza kuchukua maziwa yao pia. Kuna njia ya kukua hapa hapa, ni ya polepole tu.

Kwa hivyo usiitume. Nimesema.

Sikutaka kuandika haya kwa kificho, kwa hivyo Jumapili baada ya chakula nilimwambia nitakuandikia nini. Alitoka nje akaosha gari ambayo alikuwa ameiosha asubuhi. Aliporudi alisimama mlangoni, mikono inadondosha maji.

"Sasa Kimutai nitamwambia nini?"

"Mwambie mke wako amekataa."

"Watasema nimekaliwa na mke."

"Wacha waseme."

Akaniomba taulo. Mpaka sasa hajasema ndiyo, lakini jana jioni Kimutai alipiga simu, na nikamsikia akimwambia pole pole, "Boss, mama wa hapa ni mkali, wewe humjui." Kaka, maishani mwangu sijawahi kuitwa mkali. Hata kuku huniingilia jikoni.

Kwa hivyo akikupigia tena, na atakupigia maana hamu haijamwisha, usimwambie throto haifai, ataenda kutafuta ya kufaa. Wala usimwambie imeuzwa. Mwambie dada yako amekataa, kwisha. Wewe pia niite mkali, mniite hivyo kutoka Boito mpaka Doha. Akitaka kununa, anune akiwa hapa nyumbani, nikimpakulia chakula.

Mama anakusalimia na anauliza kama unahudhuria ibada. Kogo Tecla anakusalimia, amesema ukija atakutolea mursik ya kibuyu cha ndani. Kipkosgei anakusalimia pia, ingawa kwa sasa sauti yake ni ndogo. Lynn anakushika masikio. Nisalimie Ongeri, umwambie asafiri mwepesi.

Mungu aliyekupeleka ng'ambo ya bahari akulinde mikono kwa vyuma vya watu, akutulize kifua, na akurudishe kwetu ungali unatujua kwa majina.

Wako akupendaye, na mkali kwa ajili yenu nyote,

dada yako,
Nyathira.