Kitambaa cha Mjimwema

Mjimwema, Songea
14 Agosti

Dada yangu Notburga,

Shikamoo. Natumaini pumu inakuachia upate usingizi. Mimi mzima, ila magoti yanalalamikia baridi. Miaka arobaini na moja ya Dar imeyadekeza.

Barua na kitambaa chako vimefika kwa basi. Nimekitazama kwa miwani, kisha kwa kioo cha kukuzia. Siku saba tu kwenye kamba ya huko Tandika, Dar, na nusu yako ya shuka letu jeupe tulilolikata vipande viwili ili kupima hewa imekuwa ya kijivu. Uchafu wake una mafuta. Ukiusugua unazidi kusambaa. Nadhani ni moshi wa magari.

Nusu yangu, niliyokutumia mwezi jana, niliitundika uani siku zile zile. Mwanahawa, jirani yangu mwenyeji wa Tunduru, alipita akaniuliza, “Babu, unapeperusha bendera ya chama gani?” Nilipomweleza alicheka sana, akasema nikitaka habari za hewa ya Songea nimuulize yeye anayepikia kuni, shuka litajua nini.

Basi nikaanza kuchunguza. Asubuhi za baridi kila nyumba huwasha jiko, na moshi hulala bondeni mpaka saa nne, jua likipanda. Mwanahawa anasema Septemba ni mbaya zaidi: watu huchoma mashamba na kuwasha matanuri ya matofali, hata vilima vya upande wa Mshangano havionekani. Mvua zikishika, hewa inaoshwa, unabaki kunusa udongo. Kumbe mji mmoja una hewa nyingi, kila majira na yake.

Sasa dada, unaandika kwamba umemuaga mwenye nyumba, Septemba unahamia kwangu, kwa sababu kitambaa changu kilikufikia cheupe vilevile.

Nilikifua. Kilikuwa chekundu kwa vumbi, na masizi yamejaa kwenye pindo. Nilikifua mara mbili kwa sabuni, nikakianika chumbani. Hapa nyumbani wananiita Mzee wa Dar. Hakuna aliyebaki anayenikumbuka nikiwa mtoto, isipokuwa wewe.

Usije Septemba. Rudi kwa mwenye nyumba, mwombe akuachie chumba. Njoo Januari, ukae hadi Aprili, kifua chako kiamue chenyewe. Ndani ya bahasha kuna kitambaa kingine, nilichokata kwenye foronya yangu na kukitundika wiki hii. Sikukigusa ila kukikunja.

Nisalimie majirani wote wa hapo uani.

Mdogo wako,
Remigi