Feni ya Gari la Baba

Kulwa, mjukuu wangu mpendwa,

Mwangaluka. Hapa Nkololo tu wazima, pamba inapasuka vizuri, na bibi yako anakusalimu huku akilalamika kwamba hupigi simu.

Umeniuliza kama uliuze gari letu la Kijerumani, kwa kuwa linachemka kwenye foleni za Mwanza. Ugonjwa huo naujua tangu siku ya harusi yangu.

Asubuhi hiyo baba alinipeleka kanisani Maswa kwa gari hilohilo. Kila mzee tuliyemkuta njiani, baba alisimama kumsalimu, nasi salamu zetu hazina haraka: nyumba, watoto, ng'ombe, mvua. Kabla hatujafika nusu ya safari, rejeta ikaanza kutoa mvuke.

"Feni imechoka," alisema fundi wa pale njiani akiongeza maji. "Gari likikimbia, upepo unalipoza. Msisimame tena."

"Baba, bibi harusi ananisubiri," nilimsihi.

"Niwatimulie wazee vumbi siku ninayokuoza?"

Basi akawa anazima injini kila aliposimama. Katika ukimya ule ndipo nilipowasikia wazee wakinitakia heri, mmoja mmoja, kwa jina langu. Nilichelewa. Bibi yako alikuwa amenuna, lakini alikuwapo.

Usiliuze, Kulwa. Badilisha feni. Baba naye aliibadilisha, ila hakuacha kuzima injini. Nawe ukija, usinipungie mkono dirishani. Zima gari, ushuke, nikuulize habari za watoto.

Babu yako