Mikono Juu Mstarini

Dada yangu,

Goti halijambo, ila asubuhi linalia kama bawaba kavu. Wifi yako kapaka jiko rangi ya kijani, nami nimesifia ili tuishi kwa amani.

Najua umesikia habari za mashindano ya baiskeli. Bora uzipate kwangu. Kilomita ya themanini nilipata pancha. Nilipokuwa nikibadilisha gurudumu, vijana wawili wakachomoka mbele, wala sikuwaona. Nilipolifikia kundi nikalipita, nikakanyaga peke yangu hadi mwisho. Mstarini nikainua mikono yote miwili, kama enzi zile. Watu wakapiga makofi, dada! Fundi wangu akanishika bega: “Bingwa, mshindi ameshaoga.”

Nilicheka nao. Wifi yako peke yake ndiye aliyeona kwamba sikula.

Jumapili, kwenye mbio nyingine, nitatangulia mbele ya vijana hao hao, niwakatie upepo wakinifuata mgongoni hadi kilomita ya mwisho, kisha niwapishe. Wamekuja wenyewe kuniomba, kwa adabu. Mbio wamenishinda, lakini upepo bado hawaujui.

Nasikia Mama amekata ile picha yangu ya siku hiyo gazetini, mikono juu, akaibandika ukutani kwake. Mwache.

Mdogo wako,
Umeme