Zamu ya Kumwombea Yopi

Jumatano, 6 Machi
Ibada ya mtaa leo ilikuwa kwa Meiske. Mumewe, Yopi, anapasuliwa moyo wiki ijayo huko Manado. Tulipomaliza kula, Meiske akanivutia jikoni. Eti tufanye mapalus, ule utaratibu wetu wa kusaidiana kwa zamu. Nikamuuliza, tulimiane nini tena, maua yako si umeshavuna? Akasema si ya jembe, ya maombi: mimi nimwombee Yopi kila siku, yeye amwombee Rolly wangu. Rolly! Aligombana na baba yake, akaenda zake Sorong, kimya mpaka leo. Baba yake tumemzika, hakuja. Nikasema haya, namwombea Yopi. Mdomo wangu huu, mwepesi!

Alhamisi, 7 Machi
Nimesahau. Nilikumbuka nikiwa shambani, mikono udongo mtupu. Nikasema nikinawa nitaomba. Nikanawa, nikanywa uji wa maboga, nikasahau tena.

Jumamosi, 9 Machi
Leo nimepiga magoti kabisa. "Bwana, mkumbuke Yopi..." Mara nawaza kama nimefungia kuku. Mara Rolly. Kila nikianza na Yopi naishia kwa Rolly. Uchungu wa mwana, jamani.

Jumapili, 10 Machi
Aibu imenishika. Nimeoka keki kubwa ya nazi, nikampelekea Meiske. Akaitazama keki, akanitazama mimi.
— Vonny, ulipougua nilikuja shambani kwako na keki?
Kweli. Alinilimia matuta yote. Na kwenye mapalus jembe hulipwa kwa jembe, hakuna cha keki wala nini. Zamani mtoro alichapwa viboko.
— Nikuchape? Meiske akauliza.
Tukacheka. Kisha yeye akalia. Kumbe anaamka kabla ya jogoo kumwombea Rolly, ndipo amwogeshe Yopi. Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie.

Jumatatu, 11 Machi
Nimemwombea! Sikupiga magoti. Nilikuwa nakata maua, kila shina nikamtaja. Yopi, aliyebeba jeneza la mume wangu begani — na moyo ule ule mbovu, wala hakusema. Nimelia peke yangu kwenye matuta mpaka basi. Jioni ndipo nikashtuka: leo sijamwombea Rolly hata kidogo! Nikatulia. Rolly ana mtu wake wa kumwombea.

Jumanne, 12 Machi
Yopi tena. Asubuhi, mchana, nikipika. Nampenda yule mzee, sikujua kiasi hiki.

Jumatano, 13 Machi. Manado, hospitali
Wauguzi walishakuja kumchukua Yopi. Wakatupa dakika chache. Amekonda, midomo imemkauka, utani bado anao.
— Haya, Mama Rolly, zamu yako. Usitoroke.
Nikamshika mkono, nikaanza. Katikati ya maombi simu ikalia mkobani. Mlio ule! Nimemwekea mtu mmoja tu. Rolly! Nikasema moyoni, akikata hapigi tena huyu. Sikufumbua macho. Bwana, ongoza mikono ya madaktari... Ikakatika. Nikaukaza mkono wa Yopi, nikaendelea. Ikalia tena. Meiske akatia mkono mkobani mwangu.
— Rolly? Mama yako anamwombea mjomba wako, Om Yopi. Usikate, mwanangu. Ngoja hapo hapo.
Akailaza simu juu ya shuka. Nikamaliza, sikukatisha neno. Amina. Meiske, amina. Yopi, amina. Na kwenye simu Rolly, sauti kama ya baba yake: amina.

Wamempitisha Yopi mlangoni. Mimi na Meiske tuko kwenye benchi. Rolly ameuliza Om ana nini, nikamweleza. Nikamwambia na wewe mwombee.
— Mama, mimi nimeshasahau kuomba.
— Basi usikate tu.
Hajakata. Simu iko mapajani, naandika huku nasikia nyundo za kazini kwake. Meiske ameniegemea begani. Mlango bado umefungwa.