Unga wa Papai kwa Mguu wa Jumaine

Butembo, Kimemi, 12 Juni 1964

Mdogo wangu Jumaine,

Pole na kidonda cha mguu. Amina na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila shule imefunga na nyumba imenyamaza. Tangu upite na lori lako ukienda Kanyabayonga, chai nainywa peke yangu.

Dereva aliyekuletea barua hii ana kikopo cha plastiki chenye unga. Ni maziwa ya papai bichi, yaliyokaushwa Mbau. Nimesoma katika gazeti la waganga kwamba ndani yake mna kitu kinachokula nyama iliyokufa, kwa hiyo wanasafishia vidonda. Kitu hichohicho, huko Bulaya, kinalainisha nyama ya ng'ombe mzee kabla ya kupikwa, kinang'arisha bia (samahani, najua hunywi), na viwandani kinalegeza ngozi kabla haijawa kiatu. Nyunyiza kidogo kidondani asubuhi na jioni, kisha funika kwa kitambaa safi. Usiupashe unga moto, nguvu yake itakufa. Usiuweke katika chombo cha chuma.

Mkubwa wako,
Laurent

Beni, 3 Julai 1964

Yaya Laurent, mukubwa wangu,

Salaam alekum. Batoto ni bazima, Amina ni muzima, anakusalimia. Kidonda kinaanza kuwa safi, harufu imepunguka. Amina anacheka: "Mwalimu ametuma dawa kidogo na barua kilo mbili!" Mais lakini yeye ndiye anaisoma kila siku. Ile ya nyama na ya kiatu amezishika kwa kichwa.

Nikipona nitapita kwako. Weka maji ku moto.

Mudogo wako,
Jumaine

Beni, 20 Septemba 1964

Yaya,

Uko muzima? Hapa bapiganaji baliingia mwezi uliopita. Mukubwa wao alikuja kulala kwetu na watu wake. Meno yake mabaya, roho yake mbaya zaidi: kwa jirani yetu Siméon alipewa nyama ngumu, akamupiga Siméon na bunduki mpaka mukono ukavunjika. Kwetu akaleta paja la ng'ombe, muzee kama dunia. Akamwambia Amina, "Mama, nikishindwa kutafuna, nitajua munanizarau."

Donc basi Amina akakumbuka barua yako. Akamwaga kikopo chote juu ya nyama.

Bakakula, bakasifu, bakalala. Asubuhi bakaenda Oicha. Hapana mutu aliguswa. Mais unga umekwisha, na mguu umeanza kunuka tena.

Mudogo wako,
Jumaine

Butembo, 9 Oktoba 1964

Mdogo wangu,

Namshukuru Mungu kwamba nyumba yako ni salama. Mimi nimejifungia ndani, sababu mtu mwenye miwani, yaani msomi, wapiganaji hawamtaki njiani siku hizi. Mwambie shemeji amefanya vizuri. (Ila kikopo kizima! Kijiko kimoja kingetosha. Ukizidisha, nyama inakuwa uji.)

Unga sikuupata popote. Wakata-papai wa Mbau wamekimbilia msituni. Basi tumia tunda lenyewe: ponda papai bichi, tandaza juu ya kidonda, badilisha kila siku. Anza leo. Nampa barua hii mama mmoja anayekuja huko kwa miguu.

Mkubwa wako,
Laurent

Beni, 30 Novemba 1964

Yaya,

Salaam. Mama yule alifichama musituni wiki nyingi. Barua yako ilifika nikiwa nimeshakatwa. Munganga mwenye kuja na jeshi la serikali alikata chini ya goti, mguu wa kuume. Ninakula vizuri. Amina analia akiona papai.

Mudogo wako,
Jumaine

Beni, 14 Februari 1965

Yaya Laurent,

Salaam alekum. Unaendelea aje? Hukujibu barua yangu. Nilifikiri umekufa, mpaka Kadogo, shemeji yangu, alitoka Butembo na kusema ulifungua shule, ulimwona, ukaingia ndani upesi.

Wewe mutu wa kueleza mvua, kutu, chumvi, mpaka chai inapoa, leo huna neno? Kama ni aibu juu ya ule unga, iache. Mukubwa wa bapiganaji angetuua. Batoto bangu banasoma, banacheza, banapigana nje hapa wakati naandika.

Kadogo ndiye anaendesha kamio yangu sasa. Mimi sitapita tena kwako. Miaka yote nilikuja mimi, na wewe siku zote ulikuwa na mitihani ya kusahihisha. Barabara imefunguka, na Kadogo ataondoka Butembo kurudi hapa siku ya Alhamisi.

Kuja. Kiti chako Amina amekiweka upande wangu wa kuume. Mguu hauko, kuna nafasi.

Mudogo wako,
Jumaine